Sura ya Saba: Feni Ifike Alfajiri

"Nikipunguza mwendo wa feni yangu, betri itadumu zaidi, au umeme utapotelea tu njiani?"

Swali hili huulizwa sana na watu wanaoishi kwa sola, na hapa Kamina, nchini Kongo, wanaoishi kwa sola ni wengi. Mtu ana paneli juu ya mabati, betri chini ya meza, taa mbili tatu za LED na waya wa kuchaji simu. Joto la Septemba na Oktoba linapobana kabla mvua hazijashika, anaongeza feni ya mezani. Feni yenyewe mara nyingi ni ya kuundwa nyumbani au kwa fundi redio: mota imetolewa kwenye printa iliyokufa, panga limekatwa kwenye kidumu cha mafuta ya kula, mguu ni kipande cha ubao. Inapuliza vizuri. Kasoro yake ni kwamba ina mwendo mmoja tu. Ukishaiunganisha inakimbia hadi kuche au hadi betri ikate, na kwa kawaida betri ndiyo inayotangulia.

Jibu la swali ni ndiyo, betri itadumu zaidi. Itadumu zaidi hata ukitumia njia mbovu kuliko zote zilizomo katika sura hii. Wapo mafundi wanaoshikilia kinyume chake, kwamba kifaa cha kupunguza mwendo "kinakula" kile ulichookoa, kwa hiyo bora feni ikimbie tu. Hoja hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowakosesha watu usingizi.

Kinachoifanya feni ikimbie

Tuanze na maneno matatu. *Volti* ni msukumo wa umeme. *Ampea* ni wingi wa umeme unaopita kwenye waya. *Wati* ni nguvu inayotumika, nayo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Feni inayovuta ampea 1 kwenye betri ya volti 12 inatumia wati 12.

Mota ndogo za printa, za redio za kaseti na za vichezeo hutumia *mkondo mnyoofu*, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu bila kugeuka, kama ule unaotoka kwenye betri au paneli. Tusiudharau kwa kuwa ni wa betri. Mkondo mnyoofu, kwa volti 500,000, ndio unaosafiri kilomita 1,700 kutoka bwawa la Inga hadi mji wa Kolwezi kwenye laini iliyokamilika mwaka 1982 ili kulisha migodi ya shaba. Ilipita juu ya vijiji vingi bila kuvishushia hata taa moja, na hiyo ni sababu mojawapo ya paneli kujaa juu ya mapaa yetu. Hata feni ya kwanza ya mezani inayokumbukwa, aliyoiunda Mmarekani Schuyler Wheeler miaka ya 1880, iliendeshwa kwa mkondo wa namna hii.

Mota ya aina hii ina tabia moja inayotusaidia sana: mwendo wake hufuata volti. Inapozunguka, yenyewe huzalisha umeme mdogo unaosukuma kinyume na ule wa betri. Kadiri inavyokimbia, msukumo huo wa kinyume unakua, mpaka unakaribia kulingana na ule wa betri, na hapo mota inatulia kwenye mwendo wake. Ipe volti 12, itatulia juu. Ipe volti 7, itatulia chini. Kwa hiyo kazi yetu yote ni kuifikishia mota volti pungufu kutoka kwenye betri ambayo ina 12 tu.

Hesabu inayowashangaza wengi

Hewa ni nyepesi ukiisukuma polepole na ni nzito ajabu ukiisukuma kwa kasi. Mapanga ya feni yanafuata kanuni hii: upepo unaotoka hulingana na mwendo, lakini nguvu inayohitajika hupanda kwa mwendo kuzidishwa mara tatu kwa wenyewe. Ukipunguza mwendo kuwa nusu, upepo unakuwa nusu, ila nguvu inashuka hadi sehemu moja ya nane.

Chukua mfano ulio karibu na feni nyingi za kuundwa. Mota inavuta ampea 1 ikiwa kwenye volti 12, yaani wati 12. Ukiishusha hadi asilimia 65 ya mwendo wake, mapanga yanahitaji kama wati 3 na nusu tu. Bado unapata karibu theluthi mbili ya upepo, na kwa mtu aliyelala hiyo inatosha. Feni haipoozi hewa ya chumba. Inakausha jasho mwilini, na jasho halihitaji kimbunga.

Sasa betri. Tuseme una ile ndogo ya ampea-saa 7. *Ampea-saa* maana yake ni ampea ngapi kwa saa ngapi: 7 kwa saa moja, au 1 kwa saa saba. Lakini betri za risasi na asidi hazipendi kumalizwa. Ukizoea kuishusha chini ya nusu, itakufa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo cha kutumia usiku mmoja ni ampea-saa 3 na nusu. Ukiwasha feni saa tatu usiku, mambo yatakwenda hivi:

- Kwa kasi yote, ampea 1: betri inafika nusu saa sita na nusu usiku.
- Kwa mwendo uliopunguzwa kwa njia ya bei poa, inayopoteza nguvu, ampea 0.45 hivi: inafika kama saa kumi na nusu alfajiri.
- Kwa mwendo huohuo, kwa njia isiyopoteza, ampea 0.3 hivi: inavuka saa mbili asubuhi.

Mstari wa pili ndio jibu kwa mafundi wale. Ni kweli kifaa kinapoteza kitu: kati ya wati zaidi ya 5 zinazotoka kwenye betri, kama 2 zinaishia kuwa joto. Lakini feni yenyewe imeacha kudai wati 12. Umepoteza 2 na umeacha kutumia zaidi ya 6. Anayesema kifaa kinakula ulichookoa ameiona ile 2 na hakuitazama ile 6.

Volyumu ya redio: usijaribu

Kabla ya njia zinazofaa, tuiondoe isiyofaa, maana ndiyo inayowajia watu kichwani kwanza. Redio ina kitufe cha kuzungusha ili kupunguza sauti. Kwa nini kisipunguze na feni?

Ndani ya kitufe kile kuna utepe mwembamba wa kaboni uliotengenezwa kubeba umeme mdogo mno, ule wa sauti kabla haijakuzwa. Kinachovumilika humo ni sehemu ya wati moja. Mota yetu inataka kupitisha humo wati nzima na zaidi. Utepe unaungua, harufu inatoka, na kitufe ulichokitoa kwenye redio nzuri kimekwisha. Vipo vitufe vikubwa vya waya uliozungushwa ambavyo vinaweza kazi hiyo, lakini ni adimu kwenye meza za mafundi na si vya bei rahisi. Volyumu tutaitumia baadaye, kwa kazi inayoiweza.

Rezista, na balbu ya pikipiki

*Rezista* ni kipande kinachoupinga umeme na kuugeuza joto. Ukikiweka kwenye njia kati ya betri na mota, sehemu ya volti inaishia humo na mota inapata iliyobaki. Upinzani wake hupimwa kwa *omu*. Kwa feni ya mfano wetu, rezista ya omu 10 inashusha volti 4 na nusu hivi na kutoa joto la wati 2. Chagua ile nyeupe ya simenti iliyoandikwa wati 5, ili isifanye kazi kwenye ukingo wa uwezo wake.

Njia hii ni kongwe. Miji mingi duniani iliendesha tramu na treni zake za umeme kwa rezista kubwa zilizofungwa chini ya behewa au juu ya paa, na kila safari ilipoanza zilikuwa zinawaka joto. Kuanzia miaka ya 1970 vifaa vya kukatakata umeme, ambavyo tutavifikia, vikaanza kuchukua nafasi yao.

Kama huna rezista, balbu ya volti 12 ya pikipiki inafanya kazi hiyohiyo, na Kamina pikipiki hazikosekani. Balbu ya nyuma ya wati 5 ikifungwa kwenye njia ya mota inashusha volti kadhaa, tena inatoa mwanga hafifu unaokuonyesha kwamba umeme unapita. Mota ikikwama, balbu inang'aa zaidi, nawe unajua kuna tatizo bila kuwa na kipimo chochote. Mimi naipenda njia hii kwa majaribio ya mezani. Kwa matumizi ya kila usiku siipendekezi, kwa sababu mwanga huo unakera, na nyuzi za ndani hazivumilii mtikisiko wa feni iliyokatwa kwa mkono.

Rezista na balbu zina udhaifu mmoja mkubwa. Mota inapoanza kutoka kusimama huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi. Umeme unapoongezeka, rezista nayo inashusha volti nyingi zaidi, hasa pale mota inapohitaji msaada. Matokeo yake mota inanguruma tu bila kuzunguka, hadi ulisukume panga kwa kidole. Hilo ni jambo la hatari gizani.

Diodi sita na swichi mbili za taa

Hii ndiyo njia ninayompendekezea mtu wa kawaida, na ndiyo itakayochukua nafasi kubwa ya sura.

*Diodi* ni kipande kidogo cheusi chenye mstari mweupe upande mmoja. Kinaruhusu umeme kupita kuelekea upande mmoja tu: unaingilia upande usio na mstari na kutokea upande wenye mstari. Katika kupita huko, diodi inajichukulia karibu volti 0.8, na haibadiliki sana umeme uwe mdogo au mkubwa. Tabia hiyo ndiyo inayoifanya iishinde rezista. Mota ikidai umeme mwingi wa kuanzia, diodi haiongezi makato yake kwa kiasi cha kuikwamisha. Feni inaondoka yenyewe.

Diodi zenyewe zimelala kwenye chaja za simu zilizokufa. Nyingi zina nne zilizopangwa karibu na pale umeme wa 220 unapoingilia, zimeandikwa 1N4007, na kila moja inaweza kubeba ampea 1. Chaja mbili zinakupa nane. Ila kuna tahadhari ambayo haina mjadala: ndani ya chaja kuna *kapasita*, kikopo kidogo kinachohifadhi umeme, na baada ya kuchomolewa kinaweza kubaki na volti zipatazo 310. Chaja iliyokufa ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hakuna kitu kinachoumaliza umeme huo. Iache bila kuchomekwa usiku kucha, kisha pima kati ya miguu miwili ya kikopo hicho kabla ya kugusa. Kama haina volti sifuri, iunganishe miguu hiyo kupitia rezista ya omu elfu chache na upime tena.

Sasa mpango wenyewe. Usifunge diodi zote sita kwa mstari mmoja na kuishia hapo, maana utapata mwendo mmoja wa polepole badala ya ule mmoja wa kasi. Zigawe makundi mawili: kundi la diodi mbili na kundi la diodi nne. Halafu kila kundi liwekee swichi ya kawaida ya taa ya ukutani, iliyofungwa sambamba nalo, waya mmoja mwanzoni mwa kundi na mwingine mwishoni. Swichi ikiwashwa, umeme unapita kwenye swichi na kulikwepa kundi. Swichi ikizimwa, umeme unalazimika kupita kwenye diodi.

Hatua ni hizi:

1. Panga diodi sita kwa msururu, mistari yote ikitazama upande mmoja. Moja ikigeuka, feni haitazunguka kabisa.
2. Lehemu viungo. Waya uliosokotwa tu kwa vidole hulegea kwa mtikisiko wa feni, na kiungo kilicholegea kinapata joto.
3. Fungua waya chanya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye mota na uingize msururu hapo, mistari ikielekea kwenye mota.
4. Funga swichi ya kwanza juu ya zile diodi mbili, na ya pili juu ya zile nne.
5. Weka swichi ya tatu kabla ya vyote, hiyo iwe ya kuwasha na kuzima.

Kwa swichi hizo mbili umepata miendo minne. Zote zikiwa zimewashwa, mota inapata volti 12 nzima. Ukizima ile ya diodi mbili, inapata kama 10.4. Ukiwasha hiyo na kuzima ile ya diodi nne, inapata 8.8. Ukizima zote mbili, inabaki na kama 7.2, ambao ndio mwendo wa kulalia. Hatua zinashuka kwa usawa kwa sababu tumegawa mbili na nne. Ukigawa tatu na tatu utapata miendo mitatu tu, kwa kuwa makundi yote mawili yanakata sawa.

Diodi kwenye mwendo wa chini zinapata uvuguvugu, hazichomi. Ziache wazi kwenye hewa, ikiwezekana nyuma ya feni ambako upepo unavutwa, na zisigusane na plastiki wala pazia. Kama mota yako inavuta zaidi ya ampea 1, usitumie 1N4007. Tafuta diodi nene zaidi kwenye spika kubwa au kifaa cha umeme kilichoharibika, zile zinazobeba ampea 3.

*Kwa ufupi hadi hapa:* mwendo hufuata volti. Kupunguza mwendo kidogo kunaokoa nguvu nyingi. Rezista inafanya kazi lakini inakwamisha mota wakati wa kuanza. Diodi sita na swichi za taa zinatoa miendo minne.

Kujua mota yako inavuta kiasi gani

Hesabu za hapo juu zilikuwa za mfano. Yako huenda inavuta ampea 0.3 au 2, na kwa macho huwezi kujua. Mafundi redio wengi wana kipimo cha umeme, kile kisanduku chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Mwombe akupimie. Waya mwekundu uhamishiwe kwenye tundu lililoandikwa 10A, kisha kipimo kiingizwe ndani ya njia ya umeme, kati ya betri na feni. Kamwe kisishikishwe moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri kikiwa hivyo, maana ni shoti, na fyuzi ya kipimo, kama ipo, itakwenda.

Kipimo hichohicho, kikirudishwa kwenye volti, kitakuambia betri iko wapi. Betri ya risasi iliyopumzika bila kazi ikionyesha 12.7 imejaa, ikionyesha 12.2 imefika nusu. Mtu akiniuliza anunue nini kwanza, paneli kubwa zaidi au kipimo, nitamwambia kipimo. Nimewaona watu wakilaumu paneli miezi mizima kumbe feni ilikuwa inavuta ampea 2 kwa sababu panga lilikuwa kubwa kuliko uwezo wa mota. Panga likipunguzwa upana, au likinyooshwa pembe yake kidogo, matumizi hushuka bila kuongeza kifaa chochote.

Panga liwe na uzito sawa pande zote pia. Litundike kwenye sindano katikati, na upande unaoshuka daima ndio mzito. Upunguze kwa mkasi kidogo kidogo. Panga lisilo sawa linatikisa mota, linakula vikalio vyake, na mwendo wa chini unageuka kelele.

Kukatakata umeme

Njia ya tatu haishushi volti kabisa. Inaiwasha na kuizima mota maelfu ya mara kwa sekunde. Mwendesha baiskeli aliyebeba magunia ya makaa kwenye barabara tambarare hakanyagi kila wakati. Anakanyaga kidogo, anaacha inajiendea, anakanyaga tena, na mwendo unakaa palepale. Mota nayo hivyo: ikiwashwa nusu ya muda na kuzimwa nusu, inazunguka kana kwamba imepewa nusu ya volti.

Faida yake inatokana na kifaa kinachowasha na kuzima. Hicho huwa ni *transista*, swichi isiyo na sehemu inayotembea. Ikiwa imefunga kabisa, hakuna umeme unaopita, basi hakuna kinachopotea. Ikiwa imefungua kabisa, umeme unapita karibu bila kizuizi, basi kinachopotea ni kidogo sana. Ndiyo maana mstari wa tatu wa hesabu yetu ulivuka saa mbili asubuhi.

Anayetaka kuunda mwenyewe atahitaji kipande kinachoitwa 555, kilichobuniwa na Mswisi Hans Camenzind mwaka 1971 na kuingia sokoni mwaka uliofuata. Hadi leo kinapatikana kwa bei ndogo. Kazi yake ni kupiga mapigo: washa, zima, washa, zima. Hapa ndipo ile volyumu ya redio inapopata kazi halali, kwa sababu inabadilisha urefu wa mapigo tu na haibebi umeme wa mota. Umeme wa mota unabebwa na transista nene kama IRFZ44N.

Mambo mawili huwashinda wanaojaribu. La kwanza ni sauti. Mapigo yakiwa mia au elfu kadhaa kwa sekunde, mota inalia kama mbu, na mbu tunao wa kutosha. Yapandishe hadi zaidi ya 20,000 kwa sekunde, ambako sikio la mtu halifiki. Kwa volyumu ya omu 47,000 na kapasita ya nanofaradi 1 utafika kwenye 30,000 hivi. La pili ni diodi ya kulinda. Kila umeme unapokatwa, mota inarusha nyuma msukumo mkali wa volti unaoweza kuiua transista. Diodi moja inafungwa kati ya nyaya mbili za mota, mstari ukielekea upande chanya, ili msukumo huo uzunguke humo na kuisha. Kwa mapigo ya kasi hivi, 1N4007 ni nzito mno na itapata joto. Tumia ya haraka kama 1N5819, ambayo mara nyingi imo ndani ya chaja zilezile, upande wa kutokea.

Vipo pia vibao vilivyotengenezwa tayari kutoka China, vyenye kitufe cha kuzungusha na sehemu nne za kufungia nyaya. Kama vinaletwa kutoka Lubumbashi kwa treni au lori, nawe una fedha, nunua. Sioni fahari ya kulehemu usiku mzima kitu kinachouzwa dukani. Fahari iko kwenye diodi, ambazo ni bure.

Feni ambazo usizishike kwa njia hizi

Feni ya dukani ya volti 220, inayoendeshwa na jenereta au umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ina mota ya aina nyingine. Hutumia *mkondo geu*, umeme unaobadilisha upande mara nyingi kwa sekunde, na mwendo wake haufuati volti kwa namna tuliyoeleza. Diodi ikifungwa humo inaweza kuiunguza. Tena volti 220 zinaua, na hakuna neno katika sura hii linalokuruhusu kuifungua.

Feni ndogo ya kompyuta, ile ya mraba, nayo ina ubongo wake ndani. Diodi zinaifaa, mradi isishuke sana: nyingi za volti 12 hukataa kuanza zikipewa chini ya 5 hadi 7. Kukatakata umeme wake wa kuingilia hakufai. Kama ina nyaya nne, waya wa nne ndio uliowekwa na watengenezaji kwa ajili ya kuamuru mwendo, na huo unataka mapigo kama 25,000 kwa sekunde.

Kabla ya kuilaza chumbani

Feni ya kuundwa inafanya kazi watu wakiwa wamelala, mara nyingi karibu na chandarua, na chandarua kinashika moto upesi. Iwekee wavu au kikapu cha waya mbele ya panga, maana mkono wa mtoto gizani hauchagui pa kwenda. Kifaa cha kupunguza mwendo kiwe juu ya ubao au bati, si juu ya katoni. Usiku wa kwanza, iache ikizunguka kwa saa nzima ukiwa macho, kisha izime na uguse kila kiungo. Kinachochoma kidole kirudie kukilehemu au tumia waya mnene zaidi.

Halafu fyuzi. Betri ndogo ya ampea-saa 7 inaonekana ya kupuuzwa, lakini nyaya zake zikigusana inatoa umeme wa kutosha kuufanya waya uwe mwekundu na kuyeyusha ngozi yake kwa muda mfupi. Fyuzi ya ampea 2 au 3, hata ile ya pikipiki, ifungwe kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, ili chochote kitakachotokea mbele yake kikatwe hapo. Feni nyingi za kuundwa hazina fyuzi hata moja. Kama yako ni mojawapo, ifunge leo, kabla ya kuhangaika na diodi.